Nyota ya Tatu Kutoka Ile Kubwa

Siku ile kivuko cha Garsen hakikuwa na pa kuweka mguu. Mitumbwi ilikuwa imejipanga ukingoni tangu alfajiri, imesheheni mpunga, ndizi na vyungu. Waorma walikuwa wameshuka kunywesha mifugo, na wanawake wao wameketi nyuma ya vibuyu vya maziwa, wakibadilishana na Wapokomo kwa vibaba vya mchele. Katikati ya zogo hilo vijana wanane walikuwa wakiteremsha bomba refu la shaba lililofungwa kwa turubai, na kila aliyeliona aliapa kwamba ni mzinga wa vita.

Komora, kijana wa Kipokomo wa hapo hapo Garsen, ndiye aliyeshika ncha ya mbele. Alikuwa akirudi kinyumenyume, jasho linamtiririka, shuka yake imeloa mpaka kiunoni. Hakumwona mtamba mwekundu aliyesimama njiani, akamgonga. Mtamba akaruka, kibuyu kikapinduka, maziwa yote yakamwagika mchangani.

"We! Nyuma huna macho?"

"Nani mwenye macho nyuma?"

"Hata ndama anatazama anakokwenda!"

Komora akageuza shingo. Mbele yake alisimama msichana mrefu, mwembamba, nguo ya merekani imefungwa fundo begani, bangili za shaba zimejaa kutoka kifundo mpaka karibu na kiwiko. Nywele zake zilisukwa na kupakwa siagi, zinang'aa juani. Alikuwa amekasirika, na hasira yenyewe ilimpendeza.

"Nitakujazia kibuyu mchele," Komora alisema.

"Mchele haunyweki."

"Basi nitakuletea mto mzima."

Msichana alijitahidi kununa, asiweze. "Mto hata bila wewe tunaunywa," alisema, akaokota kibuyu chake. Jina lake Darmi, binti ya Jaldesa, na Komora alilijua kabla jua halijatua, maana aliwauliza watu watano.

Lile bomba halikuwa mzinga. Lilikuwa darubini, na mwenyewe alikuwa Mzungu mmoja mwembamba, mwenye ndevu za rangi ya mahindi, aliyejifunza Kiswahili Lamu na kukizungumza kama mtu anayesoma barua. Jina lake lilikuwa gumu, watu wakamwita Bwana Kioo. Hakutaka pembe wala mpira, wala hakuhubiri dini. Alitaka kiwingu. Upande wa kusini, usiku wa kiangazi, kuna kiwingu cheupe kisichopeperuka wala kuleta mvua. Bwana Kioo alisema kwamba lile si wingu, ni nyota nyingi kuliko mchanga wa Tana, na kwamba atalichora juu ya bamba la kioo wenzake wa Ulaya walione, kwa kuwa kwao halionekani. Akapiga hema Minjila, penye mwinuko kidogo, akajenga nguzo ya matofali na kuilaza darubini juu yake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Darubini zilikuwa mbili, zimefungwa pamoja ubavu kwa ubavu. Moja ilibeba kioo chenye dawa, ya pili ilikuwa ya jicho la mtu. Mwanga wa nyota zile ni mdogo mno, hivyo kioo kilipaswa kuutazama saa tatu nzima usiku mmoja na saa tatu nyingine usiku wa pili ndipo kiunase. Na mbingu haisimami, inatembea. Kulikuwa na magurudumu yaliyozungushwa na uzito ulioshuka polepole, yakiivuta darubini iandamane na mbingu, lakini vumbi la Minjila lilikuwa limeyaingia: mara yanasita, mara yanakimbia. Kwa hiyo ilibidi mtu aketi na jicho lake kwenye darubini ya pili, ambamo nyuzi mbili za utando wa buibui zilipishana, aiweke nyota moja pale zilipopishana, na vidole vyake viwe juu ya skrubu. Nyota ikisogea unywele mmoja, airudishe. Asikohoe, asijikune, asiondoe jicho.

Wapagazi wa Bwana Kioo walishindwa. Mmoja alisinzia, mwingine alipiga chafya, wa tatu akasema nyota imemkonyeza, akakimbia. Ndipo akaitwa Komora. Huyu tangu utoto alikuwa akiamia ndege shambani, anakaa juu ya dungu na kombeo lake kutwa nzima bila kupepesa, kwa kuwa ukipepesa ndege wamekwisha kula mpunga. Saa moja na nusu aliiweza. Zaidi ya hapo jicho lilitoa machozi.

Wa pili alijileta mwenyewe. Darmi alikuja kambini na maziwa, akaomba kuchungulia, akachungulia. Bwana Kioo akawa anatazama saa yake kwa mshangao.

"Umejifunza wapi kukaa hivi?"

"Ng'ombe akizaa usiku," Darmi alijibu bila kuondoa jicho, "wewe unatazama kwingine?"

Jaldesa alimkubalia binti yake kazi hiyo kwa chumvi na nguo, na kwa sharti moja: yeye mwenyewe awepo. Kila usiku wa kazi mzee aliketi hatua kumi kutoka kwenye darubini, mkuki magotini, tumbaku shavuni, mgongo kazipa nyota na uso kampa Komora.

Lakini kuna jambo mzee hakuweza kulizuia, kwa kuwa lilikuwa ni kazi. Zamu ilipobadilika, nyota haikupaswa kuachwa hata kidogo. Anayeingia aliweka vidole vyake juu ya vidole vya anayetoka, kisha jicho likabadilishana na jicho.

"Shika."

"Nimeshika."

"Umeshika kweli?"

"Nimeshika kweli."

"Naachia."

Na haachii. Vidole vilikaa juu ya vidole muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka, gizani, huku Jaldesa akitema tumbaku na kudhani wanakaza skrubu.

Aliyepumzika aliruhusiwa kunong'ona ili mwenzake asilale, na hapo ndipo mapenzi yalipopata nafasi.

"Komora, nikikwambia nimevaa bangili mpya, utageuka?"

"Sigeuki."

"Nikikwambia nyoka?"

"Aniume hapa hapa."

"Nikikwambia nakupenda?"

Nyota ikatoka kwenye nyuzi. Komora akairudisha mbio, moyo unamdunda hata akaogopa kwamba darubini itatingishika. "Usinifanyie hivyo, mboni yangu."

"Nilitaka kujua kitu gani kinakutingisha."

"Baba yangu atakuja kwenu."

"Aje na tumbaku. Aba wangu hasikii maneno matupu."

Baba yake Komora akaenda, na tumbaku akapeleka. Jaldesa aliipokea, akainusa, akaiweka chini ya kigoda chake. Hakusema ndiyo wala hapana, na kwa Jaldesa hiyo ilikuwa karibu na ndiyo. Kijana wa mtoni kuoa kwa wafugaji lilikuwa jambo geni, lakini halikuwa la kwanza.

Sasa nisimulie lile kosa lililoharibu kioo kimoja.

Usiku wa kwanza wa kile kioo, Komora ndiye aliyeiweka nyota. Bwana Kioo alimwelekeza: "Tafuta ile kubwa, kisha hesabu kwenda juu. Ya tatu ndiyo yetu." Komora akahesabu, moja, mbili, tatu, akaiweka. Usiku ule Waorma walikuwa wamechoma majani makavu mbugani, moshi umetanda kusini, na ile nyota ya tatu, ambayo kwa asili ni nyeupe, ilionekana nyekundu. Darmi alipoingia zamu aliikuta hivyo, akaitia moyoni: yetu ni ile nyekundu.

Usiku wa pili viboko waliingia shambani kwa kina Komora, akachelewa. Darmi akaiweka nyota peke yake. Moshi ulikuwa umeondoka. Nyeupe ilikuwa nyeupe, na pembeni yake ilionekana nyingine ndogo, nyekundu kweli, ambayo jana yake ilifichwa na moshi. Mtu wa kuhesabu asingekosea. Darmi hakuhesabu. Mfugaji hamjui ng'ombe wake kwa hesabu, anamjua kwa rangi, kwa pembe, kwa anavyosimama. Akaichukua ile nyekundu, akailinda saa tatu bila kutikisika, kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya.

Asubuhi Bwana Kioo akakiosha kioo kwa dawa zake, akakitoa juani. Nyota hutoka nyeusi kwenye kioo, vitone vyeusi juu ya weupe. Akatazama, kisha akakaa chini juu ya sanduku. Kila nyota ilikuwa na pacha wake pembeni, kioo kizima, maelfu kwa maelfu, wawili wawili, kwa kuwa kila usiku darubini ilikuwa imefuata nyota tofauti.

"Nani aliweka nyota jana?"

"Mimi," alisema Darmi.

"Ulihesabu tatu?"

"Sihesabu."

"Hujui kuhesabu?"

"Nimesema sihesabu."

Wapagazi wakaangua kicheko. Komora naye akacheka, tena kwa mapenzi, lakini kicheko hakina alama ya kuonyesha kimetoka wapi. Darmi alimwangalia mara moja tu, akachukua kibuyu chake.

Komora akamfuata mpaka mtoni, ambako ng'ombe wa Jaldesa walikuwa wakinywa na watu wamejaa. Alitaka kumtuliza kwa utani, kama kawaida yao.

"Darmi, ni rahisi kama kunywa maji. Nitakufundisha. Tuwachukue hawa wa baba yako." Akanyoosha kidole. "Moja, mbili, tatu…"

"Komora, acha."

"…nane, tisa, kumi…"

"Komora! Nimekwambia acha!"

Akadhani anaona haya. Akaendelea, anacheka, anapaza sauti kwa mzaha, mpaka kwenye yule mtamba mwekundu. "Thelathini na nane! Umeona? Hata hujafa!"

Hakuna aliyecheka. Jaldesa alikuwa amesimama ndani ya maji, ndoo mkononi. Alimtazama Komora, akatazama kile kidole, kisha akawaondoa ng'ombe wake, nusu yao hawajamaliza kunywa.

Watu wa mtoni wanahesabu kila kitu: mikungu ya ndizi, vikapu vya mpunga, hata watoto. Mfugaji hahesabu. Ng'ombe aliyehesabiwa ni ng'ombe aliyeanikwa mbele ya husuda na mauti, na kumhesabia mtu mifugo yake hadharani, kwa kidole, ni kumtakia maziko. Komora alilijua jambo hilo. Alikuwa amelisikia tangu utotoni, kama tunavyosikia mambo mengi ya majirani zetu, akaliona ni la wazee. Huo ndio ujinga unaoniudhi mimi, ule wa mtu aliyekwisha kuambiwa.

Darmi hakurudi kambini. Mwezi ukawa mpevu, mbingu ikawa nyeupe mno, kazi ikasimama. Komora akaamini kwamba msichana ana aibu ya kile kioo. Alipokutana na Guracha, kaka yake Darmi, kivukoni, akamtuma kwa furaha: "Mwambie dada yako arudi. Hata mtoto wa Garsen anajua tatu. Na kama hataki, nitamhesabia mimi."

Guracha alimwangalia kutoka kichwani mpaka miguuni, akatema mate, akaenda zake.

Kisha sotoka ikaingia.

Ilitoka mbali, iliua ng'ombe wa nchi nyingi kabla ya kufika Tana, na haikungoja kidole cha mtu. Hayo nayajua mimi, nawe unayajua. Lakini kamwambie mzee aliyeamka asubuhi akakuta nusu ya zizi imelala, macho yanatoka machozi, midomo imejaa vidonda. Mbuga ya Minjila ilinuka mpaka Ozi. Tai walishiba wakashindwa kuruka.

Mtu mmoja kivukoni ndiye aliyemwambia Komora kile ambacho watu wote walikuwa wakisema: "Kwa Jaldesa wamekufa. Si uliwahesabu?"

Komora alijitwika kikapu cha mchele, akaenda. Njia nzima alikuwa akitunga maneno, na alipofika yote yakamtoka. Boma lilikuwa kimya. Jaldesa alikuwa amekaa mlangoni mwa zizi, bila mkuki. Nyuma yake walisimama ng'ombe wawili wembamba wanaotetemeka. Yule mtamba mwekundu alikuwa chini, nzi wamemfunika.

"Baba," Komora alisema, "nimekuja kuomba radhi."

Mzee hakupandisha sauti. "Hesabu sasa, mwana wa mtoni. Hesabu sasa. Wamebaki wangapi?"

Komora alipiga magoti, akalia mbele ya watu kama mtoto. Hakuna aliyegusa kile kikapu. Mama yake Darmi alitoka, akamrudishia ile tumbaku ya baba yake, bado imefungwa. Darmi hakuonekana.

Giza la mwezi liliporudi, mawingu ya masika yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa bahari. Bwana Kioo alibaki na kioo kimoja na siku mbili kabla ya mvua. Usiku wa kwanza Komora aliketi peke yake saa zote tatu, jicho likavimba. Usiku wa pili, alipokuwa akijiandaa, alisikia hatua.

"Nani?"

"Mimi."

Alikuwa Darmi. Merekani ile ile, sasa imepauka na kuchanika upindo. Mikono ilikuwa mitupu, bangili zote zimekwenda kwa mahindi. Nyuma yake Guracha aliketi pale pale alipokuwa akiketi baba yao, mkuki magotini.

"Umekuja kunitukana," Komora alisema. "Nitukane."

"Nimekuja kufanya kazi. Kioo kile nilikiharibu mimi."

"Darmi, sikujua."

"Ulijua." Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ulimuumiza Komora kuliko matusi. "Aba anasema uliwaua. Mama anasema. Mimi sisemi. Huko Galole nako wamekufa, nani aliwahesabu? Mimi nakulaumu kwa kitu kimoja tu. Nilikwambia acha. Nilikwambia mara mbili, wewe unacheka."

"Nisamehe."

"Nisingekusamehe ningekuja?"

Komora akamshika mkono, Guracha akakohoa, akauachia. "Basi njoo kwetu. Njooni wote. Ghala limejaa mpunga, hatutalala njaa hata siku moja. Nitawalisha, Darmi. Nitamlisha baba yako mpaka azeeke."

"Aba hatakula kutoka mkono wako. Najua. Jana hakula kabisa. Akifa, mimi nitalala vipi nyumbani kwako?" Akajifuta uso kwa upindo wa nguo. "Kuna mtu wa Galole, ni mzee, lakini amebakiwa na ng'ombe wa maziwa. Ameniposa. Wadogo zangu watakunywa. Kesho tunaondoka."

"Na wewe? Unamtaka?"

"Ninakutaka wewe. Si ungeniuliza jambo gumu."

Bwana Kioo akaita kutoka upande wa pili wa nguzo kwamba saa imefika. Darmi akainama kwenye darubini. Komora akasogea ili amwonyeshe, lakini kabla hajasema lolote akamsikia akihesabu, polepole, kwa sauti, kama mtu anayeonja chakula alichokatazwa maisha yake yote.

"Ile kubwa. Kisha moja. Mbili. Tatu." Akaiweka kwenye nyuzi. "Sasa naweza kuhesabu, Komora. Hatuna tena cha kuficha."

Komora akageuka pembeni, akauma kidole asilie kwa sauti.

Walifanya kazi saa tatu. Hawakunong'ona sana. Mara moja Darmi aliuliza kama Galole kiwingu kinaonekana, Komora akasema kinaonekana, na kwamba naye atakuwa akikitazama. Mara moja Komora aliuliza kama huyo mzee ni mkali. "Sijamwona," Darmi alijibu, "wewe tazama nyota yako." Zamu ya mwisho ilikuwa ya Komora. Vidole vikaja juu ya vidole.

"Shika."

"Nimeshika."

"Umeshika kweli?"

Komora hakujibu upesi. Alijua kwamba akijibu, ataachiwa. Nyota ilianza kutambaa kuelekea ukingo, na hakuna aliyeisaidia.

"Komora. Itapotea."

"Nimeshika kweli."

"Naachia."

Safari hii aliachia. Komora alikuwa na jicho kwenye darubini, na kama angeligeuza, kioo cha mwisho kingeharibika, na kazi ya mwisho ya mikono yao wawili nayo ingeharibika. Hakugeuka. Alisikia nyayo za watu wawili zikishuka mwinuko, akaendelea kuishika nyota mpaka Bwana Kioo akamgusa bega na kumwambia kwamba imetosha.

Kioo kilitoka safi. Kila nyota kitone kimoja. Hakuna ambaye angeweza kujua kwamba kilishikwa na watu wawili. Bwana Kioo alikifunga kwa pamba, akamuuliza Komora anataka nini, kisu, saa au nguo. Komora akaomba kile kioo kibovu.

Aliishi miaka mingi Garsen. Alioa mke mwema aitwaye Kibibi, akazaa naye, akalima mpunga. Kioo kilikaa ndani ya kitambaa, juu ya dari, na mara chache, kiangazi kikiwa kikavu, alikishusha na kukiinua kwenye jua. Vitone vyeusi, viwili viwili, kimoja cha usiku wake na kimoja cha usiku wa Darmi, karibu sana lakini havikugusana mahali popote. Watoto wake walipomzunguka na kuanza kunyoosha vidole, moja, mbili, aliwashika mikono.

"Baba, ziko ngapi?"

"Hazihesabiwi," aliwaambia, akakifunga tena.